Siutambui, Lakini Sijasema Nimeibiwa

Mama mdogo aliiweka simu yake mezani, akaisukuma upande wangu na kuniambia nisome mwenyewe. Katikati ya taarifa ya akaunti yake palikuwa na mstari wa herufi kubwa: kifupisho kisichotamkika, alama ya nyota, kipande cha neno lililokatwa kabla halijaisha, kisha jina la mji ulio katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Kiasi kilichokatwa kilitosha kumkosesha mtu usingizi. Programu ya benki ilikuwa imemuuliza swali moja, je, unautambua muamala huu, na chini ya swali hilo kulikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana.

"Haya, mwanangu, nibonyeze hapana?"

"Subiri kwanza, mama," nilimjibu. "Tuuangalie."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa asubiri ilhali mwizi bado yumo ndani ya nyumba, na sikuweza kumlaumu.

Sikumwomba asubiri kwa kuwa nilikwishajua jibu. Swali lenyewe ndilo lililonikwaza. Kutoutambua muamala ni habari inayohusu kumbukumbu ya msomaji na uwazi wa maandishi aliyowekewa mbele yake, lakini kutoufanya ni madai mazito dhidi ya mtu mwingine. Benki ilikuwa imeuliza juu ya jambo la kwanza, na kwa jinsi hatua zilizofuata zilivyopangwa, ilikuwa tayari kulipokea jibu kana kwamba linahusu jambo la pili. Kwa wiki kadhaa sasa tofauti hiyo imekuwa ikinisumbua, na kadiri ninavyoielewa njia ambayo mstari mmoja hupitia kabla ya kufika kwenye taarifa, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mwenye kadi anaulizwa swali ambalo wengine wote waliomo kwenye njia hiyo wana nyenzo bora zaidi za kulijibu.

Jina lililobanwa

Tunausoma mstari wa taarifa kana kwamba muuzaji ameuandika kwa ajili yetu. Ukweli ni kwamba mstari huo ni masalio ya ujumbe uliosafiri kati ya mashine. Ujumbe wa malipo ya kadi hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8583, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987, na ndani yake sehemu inayobeba jina la muuzaji na mahali alipo ina nafasi 40 tu. Katika mpangilio wa Visa, nafasi 25 ni za jina, 13 za mji na 2 za nchi. Katika mpangilio wa Mastercard, jina linabakiwa na nafasi 22. Kila herufi inahesabiwa, na nafasi tupu kati ya maneno nayo inahesabiwa. Kampuni yenye jina la maneno manne marefu haiingii humo ikiwa nzima, kwa hiyo hukatwa pale nafasi zinapokwisha, hata kama ni katikati ya neno.

Kinachokatwa, isitoshe, mara nyingi si jina tunalolijua. Duka la mtandaoni lina jina la kuvutia lililoandikwa juu ya ukurasa wake, lakini akaunti ya kupokea malipo inaweza kuwa imefunguliwa kwa jina lililosajiliwa kisheria, ambalo mteja hajapata kulisikia. Mji nao hautuambii bidhaa ilikotoka. Unaweza kuwa mji wa makao makuu, mji ilikosajiliwa kampuni, au mahali pengine ambapo anayepokea malipo kwa niaba ya muuzaji ana ofisi. Nimewaona watu wakijenga hoja nzima ya wizi juu ya mji huo peke yake, wakati mji ni kiungo dhaifu kuliko vyote vilivyomo kwenye mstari.

Ndiyo maana tuliliacha jina lililokuwa kwenye taarifa ya mama mdogo na kushika kiasi.

Tulikiandika kiasi kamili, pamoja na desimali zake, kwenye kisanduku cha kutafutia cha barua pepe yake. Ikatokea barua ya kuthibitisha oda ya mapazia, kutoka kwenye duka ambalo jina lake halikuwa na herufi hata moja iliyofanana na zile za kwenye taarifa. Chini kabisa ya barua ile, katika maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, kulikuwa na jina la kisheria la kampuni. Herufi za mwanzo za jina hilo ndizo zilizounda kile kifupisho kisichotamkika, na mji ulikuwa uleule.

Mama mdogo alishusha pumzi. Mapazia yenyewe yalikwishapachikwa dirishani.

Aliye kushoto kwa nyota

Alama ya nyota inastahili kusemewa neno, kwa sababu ndiyo inayotisha wengi na ndiyo yenye msaada mkubwa kuliko zote. Kwa kawaida huwatenganisha wawili: kushoto kwake huwa yupo anayepokea malipo, na kulia kwake muuzaji au kitu kilichonunuliwa. Mstari unaoanza na PAYPAL * unasema kwamba malipo yalipitia PayPal, na kwamba jina linalofuata ni la aliyeuza. SQ * ni Square, kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya wauzaji. GOOGLE * hufuatwa na jina la programu au la aliyeitengeneza. MSFT * ni Microsoft. Kwa hiyo mtu anayetafuta asili ya makato ya namna hii apitie kwanza historia ya malipo katika akaunti yake kwa huyo wa kushoto, ambako muamala uleule umeandikwa kwa ukamilifu zaidi, mara nyingi pamoja na risiti.

Wapo wa kushoto ambao si wapokeaji tu. Kampuni kama Paddle, ambayo hujitokeza kwenye taarifa kama PADDLE.NET*, huuza programu za kompyuta zilizotengenezwa na kampuni nyingine nyingi, na katika mkataba wa mauzo yenyewe ndiyo inayohesabiwa kuwa muuzaji: inapokea pesa, inakokotoa kodi ya nchi ya mnunuzi na kushughulikia marejesho. Mnunuzi alikuwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, akaona nembo ya mtengenezaji, akapakua programu ya mtengenezaji, kisha akakatwa na kampuni ambayo hakumbuki kuwahi kukutana nayo. Hakuna aliyedanganya hapo. Hata hivyo sidhani kwamba mtu anayeliona jina hilo kwa mara ya kwanza na kushtuka ana haja ya kujitetea.

Kuna pia mistari ambayo haina nyota wala muuzaji. APPLE.COM/BILL inaweza kubeba usajili wa muziki, hifadhi ya picha na programu ya mazoezi, vyote vikiwa vimejumlishwa katika bili moja, hivi kwamba kiasi kilichoandikwa hakilingani na bei ya kitu chochote kimojawapo. AMZN Mktp inamaanisha soko la Amazon, ambako wauzaji wengine huuza bidhaa zao chini ya paa la Amazon, na taarifa haimtaji muuzaji huyo hata kidogo.

Niseme hapa jambo ambalo naliona la hatari. Mtu anapoona mstari asioujua, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kutafutia, naye huandika herufi zile zote kama zilivyo. Matapeli wanalijua hilo. Wapo wanaotengeneza kurasa zenye majina ya namna hiyo na kuweka namba za simu za huduma kwa wateja za uongo, na anayepiga huombwa namba ya kadi "ili muamala ufutwe". Kutafuta ili kupata jina la kampuni hakuna ubaya. Namba ya kupiga ichukuliwe nyuma ya kadi, au ndani ya programu ya benki yenyewe.

Kiasi ambacho hakikulipwa, siku ambayo hukununua

Njia ya kutafuta kwa kiasi ina mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo inayowafanya watu wengine wakate tamaa mapema.

Muamala wa kadi huzaliwa mara mbili. Kwanza benki hutoa idhini na kuzuia kiasi fulani, na mstari huonekana kama malipo yanayosubiri. Baadaye muuzaji hupeleka dai lake na malipo hukamilika. Kati ya hatua hizo mbili zinaweza kupita siku kadhaa, na kila kitu kinaweza kubadilika: tarehe, kiasi, hata namna jina lilivyoandikwa. Duka linalokata pesa pale mzigo unapotoka ghalani linaweza kuigawa oda moja katika makato mawili au matatu, kwa kuwa bidhaa zilitoka siku tofauti. Mteja anakumbuka jumla moja, ilhali taarifa inamwonyesha vipande ambavyo hakuna kimojawapo kinachofanana na anachokikumbuka. Katika hali hiyo ni bora kujaribu kujumlisha mistari miwili yenye jina moja kabla ya kuitilia shaka kila mmoja peke yake.

Fedha za kigeni huvuruga mambo zaidi. Bei iliyoonyeshwa kwenye tovuti hubadilishwa kuwa sarafu ya mwenye kadi, na kiwango kinachotumika kinaweza kuwa cha siku ya kukamilisha malipo wala si cha siku ya kununua. Juu yake benki nyingi huongeza ada ya muamala wa nje, ama ndani ya kiasi hichohicho, ama katika mstari wake wenyewe wenye kiasi kidogo. Ada hiyo yaweza kutozwa hata pale tovuti ilipoonyesha bei kwa sarafu ya mnunuzi, kwa sababu kinachoangaliwa ni nchi aliyosajiliwa muuzaji. Mstari wa kiasi cha ajabu usio na jina la maana, ulio karibu na muamala mkubwa wa nje, ugawe kwa muamala huo mkubwa. Ukipata asilimia kamili kama 2 au 3, huyo ni benki yako.

Zoezi jingine ninalolipenda ni kukibadilisha kiasi kigeni kurudi kwenye sarafu zinazotumiwa sana na maduka ya mtandaoni. Namba isiyo na maana yoyote ghafla hugeuka kuwa namba inayoishia na 99, na hapo unajua kwamba mbele yako kuna bei iliyopangwa na muuzaji, pengine ya usajili.

Mstari mdogo

Baada ya mapazia kupatikana, mama mdogo alitaka kuifunga simu. Nilimwomba nipitie ukurasa mzima, kwa kuwa tulikuwa tumeshakaa.

Mistari michache juu ya ule wa mapazia palikuwa na makato madogo mno, ya kiasi ambacho mtu hawezi hata kukiita hasara. Jina lilikuwa kamili na linasomeka vizuri, la taasisi inayopokea michango. Halikuwa na nyota, halikuwa na kifupisho, wala halikuwa na chochote cha kutisha.

"Hawa ni nani, mama?"

"Siwajui, lakini hicho ni kidogo tu, kiache."

Kilinishtua kuliko mapazia. Wezi wanaopata namba za kadi, au wanaozizalisha kwa kompyuta kwa kubahatisha, hawaanzi kwa kununua kitu cha thamani. Huanza kwa kujaribu kama kadi inafanya kazi, na hujaribu kwa kiasi kidogo ili mwenye kadi asistuke. Kurasa za michango huwafaa sana, kwa sababu mchangiaji hujichagulia kiasi na hakuna mzigo wa kutumwa wala anwani ya kuhakikiwa. Kadi ikipita, inauzwa kwa mwingine au inatumiwa kwa kiasi kikubwa. Taasisi yenyewe haina hatia, nayo huishia kubeba gharama za kurudisha fedha ambazo haikuziomba.

Si kila makato madogo ni ya namna hiyo. Wauzaji waaminifu nao huomba idhini ya kiasi kidogo, au hata sifuri, ili kuhakikisha kadi ni hai kabla ya kuihifadhi. Lakini idhini kama hizo hubaki katika orodha ya malipo yanayosubiri, kisha hutoweka zenyewe. Mstari wa mama mdogo ulikuwa umekwisha kukamilika.

Kwa hiyo ule uliotutisha ulikuwa halali, na ule tuliokuwa tayari kuuacha ndio ulioonekana kuwa wa mtu mwingine. Na hapo "subiri" yangu ilifikia kikomo chake. Nilikuwa nimemshawishi mtu mzima afanye uchunguzi wa taratibu huku, pengine, kadi yake ikiwa tayari imejaribiwa na kukubaliwa mahali fulani.

Je, mtu achunguze kwanza au apige simu kwanza? Nilikaa na swali hilo kwa siku nyingi. Anayepiga simu kila anapokutana na jina geni huishia kuyashtaki mapazia yake mwenyewe, na anayechunguza kila mstari kwa utulivu humpa mwizi muda.

Jibu nililoridhika nalo halimo katika vitufe viwili vya benki. Limo mahali pengine katika programu hiyohiyo: kuifunga kadi kwa muda. Kuifunga hakumtuhumu mtu, hakuhitaji uhakika, na kunaweza kuondolewa pindi utafiti utakapokamilika. Kunamruhusu mwenye kadi kuwa na haraka katika jambo linalohitaji haraka, yaani kuzuia makato mapya ya mtu asiyemjua, na kutulia katika jambo linalohitaji utulivu, yaani kuamua kama kuna aliyemwibia. Mama mdogo aliifunga kadi yake palepale, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya watu wanaoweza kufikiri.

Hapana ikishabonyezwa

Inafaa kujua kinachotokea upande wa pili. Benki ikipokea dai kwamba muamala haukuidhinishwa na mwenye kadi, kadi hufutwa, mpya hutolewa, na dai hupelekwa kwa benki ya muuzaji kupitia mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, likiwa na msimbo wa sababu. Katika mfumo wa Visa, udanganyifu uliofanyika bila kadi kuwapo mbele ya muuzaji una msimbo wake, 10.4, na makato ya usajili uliokwishasitishwa yana wake, 13.2. Haya ni madai tofauti yanayothibitishwa kwa ushahidi tofauti. Muuzaji hutozwa ada kwa kila dai, na akipata madai mengi mno anaweza kunyimwa huduma ya kupokea kadi kabisa.

Muuzaji naye ana haki ya kujibu. Hutoa rekodi ya kufikishwa kwa mzigo, anwani iliyotumika, kifaa kilichotumika kuagiza, na barua pepe iliyothibitisha oda. Dai la wizi kuhusu mapazia yaliyoning'inia dirishani kwa mlalamikaji lingeanguka, na duka lingeweza kuifunga akaunti ya mteja wake. Wenye biashara hii wana jina la kejeli kwa madai ya namna hiyo, huyaita udanganyifu wa kirafiki, na jina hilo linaniudhi kwa sababu linawaweka kapu moja mtu anayetaka bidhaa ya bure na mtu aliyepewa herufi 22 asizoweza kuzisoma.

Mitandao ya kadi inajua kwamba tatizo ni la maandishi. Mwaka 2019 Mastercard iliinunua kampuni ya Ethoca, na mwaka huohuo Visa ikainunua Verifi. Miongoni mwa huduma za kampuni hizo ni kuiwezesha benki kupata maelezo ya oda kutoka kwa muuzaji, kama jina la duka, bidhaa na risiti, na kumwonyesha mwenye kadi kabla hajafungua dai. Pale inapotumika, mstari wa kutisha hufunguka kwa kuguswa na kuonyesha nembo na bidhaa. Muuzaji anajua alichouza, na benki inajua msimbo wa tarakimu nne unaoitaja aina ya biashara, ambao kwa mfano huwa 5816 kwa michezo ya kidijitali na 5968 kwa biashara za usajili. Habari zilikuwapo muda wote, isipokuwa kwa yule anayeulizwa.

Basi mwenye kadi naye auulize msimbo huo. Mhudumu wa benki aliyeshika simu kwa kawaida anaweza kuuona, au kumpelekea anayeuona, na hata pale jina lisiposaidia, kujua kwamba makato ni ya michezo ya kidijitali humrejesha mtu nyumbani kwake haraka sana.

Waliomo nyumbani

Mwezi Januari 2014 Apple ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wateja waliokatwa pesa kwa manunuzi ya watoto ndani ya programu. Malalamiko yalieleza kwamba mzazi alipoandika neno la siri mara moja, dirisha la dakika 15 lilibaki wazi, na ndani yake mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena. Utaratibu umebadilika tangu hapo, lakini kadi iliyohifadhiwa kwenye simu au runinga ya familia bado ni kadi ya kila aliyeishika. Kumuuliza mwenzi au mtoto ni hatua ambayo watu huiruka, nadhani kwa sababu inafanana na kutuhumu. Inategemea unavyouliza. "Kuna aliyejiunga na kitu mwezi huu?" ni swali lisilomwumiza mtu.

Kisha kuna vipindi vya majaribio. Mtu hujiunga bure, huacha namba ya kadi, na miezi inapopita hukutana na jina la kampuni mama badala ya jina la huduma. Tangu Aprili 2020 kanuni za Visa zinawataka wauzaji wa aina hii wapate ridhaa ya wazi, watume kikumbusho kabla ya makato ya kwanza, na waonyeshe kwenye maelezo ya muamala kwamba kipindi cha majaribio kimekwisha. Yafaa kukitafuta kikumbusho hicho katika folda ya matangazo na ya barua taka, ambako ndiko huishia.

Na wasioona msimbo wa siri ukiingia kwenye simu yao wasifikie uamuzi upesi. Msimbo huo huombwa, pale unapoombwa, mnunuzi anapolipa mwenyewe. Makato ya usajili yanayojirudia huanzishwa na muuzaji kwa ridhaa iliyotolewa mwanzoni, kwa hiyo hupita kimya.

Muda

Uchunguzi una mwisho, na mwisho huo umewekwa na sheria. Nchini Marekani, kwa kadi za mkopo, sheria ya mwaka 1974 inampa mteja siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ili kuupinga kwa maandishi mstari wenye kasoro. Katika Umoja wa Ulaya, muamala usioidhinishwa unaripotiwa mara unapogunduliwa, na ukomo wake ni miezi 13. Kanuni za mitandao ya kadi kwa madai mengi huzungumzia siku 120. Kwingineko, mkataba wa kadi ndio unaosema, na sehemu yake ya migogoro ya miamala inafaa kusomwa kabla haijahitajika.

Kwa kiwango changu mwenyewe, mstari ambao umeshindikana kutambuliwa kwa kiasi, kwa jina, kwa historia ya malipo ya wapokeaji na kwa watu wa nyumbani haustahili kusubiri taarifa inayofuata. Hapo ndipo simu hupigwa, na mtu huanza kwa kusema alichokifanya: nimetafuta hapa na pale, sikupata, sikuuidhinisha muamala huu. Mhudumu anayeyasikia maneno hayo anachagua msimbo sahihi wa dai. Mama mdogo alisema hivyo kuhusu ule mchango mdogo, na benki ikakubali kwamba haukuwa wake, ikaifuta kadi iliyokuwa imefungwa na kumtumia nyingine.

Kadi mpya, makato yaleyale

Hapa nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia. Watu wengi huamini kwamba namba mpya ya kadi hukata kila uzi wa zamani. Visa na Mastercard zote zina huduma za kuwasilisha taarifa za kadi mpya kwa wauzaji waliohifadhi kadi ya zamani, ili malipo ya usajili yasikatike kadi inapoisha muda au kubadilishwa. Kwa anayetaka usajili wake uendelee ni huduma njema. Kwa aliyedhani ameikimbia kampuni fulani kwa kubadilisha kadi, jina lilelile linaweza kujitokeza tena chini ya namba mpya, naye ataapa kwamba kadi mpya nayo imeibwa.

Usajili usiotakiwa husitishwa kwa muuzaji mwenyewe, na uthibitisho wa kusitisha huhifadhiwa, kwa kuwa ndio ushahidi ambao dai la 13.2 litauhitaji. Baadhi ya benki huonyesha orodha ya wauzaji waliohifadhi kadi na huruhusu kuwaondoa mmojammoja. Orodha hiyo inafaa kufunguliwa hata mwezi ambao hakuna lililotokea.

Pesa zinaporudi

Marejesho nayo huja na jina lilelile lisilosomeka, mara nyingine kwa kiasi tofauti kidogo iwapo sarafu ilibadilishwa siku mbili tofauti. Mtu anayetafuta kiasi kilekile hatakiona, na ataona makato ya kwanza tu. Muuzaji akisisitiza kwamba amekwisha kurudisha, na benki ikisisitiza kwamba haijapokea, mmoja wao anaweza kuombwa kitu mahususi: namba ya marejeo ya benki ya muuzaji, yenye tarakimu 23, ambayo huambatana na muamala uliokamilika katika mtandao wa kadi. Muuzaji huipata kwa mpokeaji wake wa malipo. Akishaitoa, ipelekwe kwa mhudumu wa benki pamoja na tarehe ya marejesho, naye ataufuata muamala kwa namba hiyo bila kulitegemea jina.